Nishani Iliyofuliwa kwa Sabuni ya Unga

Wiki iliyopita, hapa Columbus, nilinunua sabuni ya unga ambayo si ile ninayonunua siku zote. Yangu ilikuwa imekwisha dukani, nami si mtu wa kuzunguka mji mzima kwa ajili ya sabuni. Nilipofungua boksi nyumbani ili niwashe mashine, harufu ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa kitini na kifuniko mkononi. Mwanangu akaniuliza, "Mama, what's wrong?" Nikamwambia hakuna kitu, ni bibi yangu tu. Akachungulia ndani ya boksi, akanitazama, akaondoka taratibu.

Ninyi mliokulia kwenye kambi za wakimbizi kama mimi mnaijua sabuni ilivyokuwa. Kile kipande cha mgao kilikatwa kwa uzi ili kisipotee hata chembe, na kikishakatwa kilifichwa kama dhahabu. Kwa hiyo tulipofika Buffalo, na Bibi akaonyeshwa boksi zima la sabuni ya unga yenye chengachenga za buluu, ambalo likiisha unanunua jingine, akili ilimruka kidogo. Alifua kila kitu. Alifua kamba za viatu vyangu, akafua begi la shule, akafua kava la Biblia ya mchungaji bila kumwomba ruhusa. Hakuna kitu kilichotoka nyumbani kwetu kwenda mbele za watu kabla hakijapita kwenye beseni lake. Nami nilinukia ile sabuni hata nikiwa darasani, na nilikuwa na furaha, maana niliamini ndiyo harufu ya Marekani yenyewe.

Tuliishi West Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ambayo ilitoa milio upepo wa ziwa ulipovuma. Tulikuwa watatu: mimi, mama, na Bibi Madalena aliyemzaa mama. Mama alikuwa kiwandani akifungasha vyakula, zamu ya mchana hadi usiku, kwa hiyo mimi nikitoka shule nilikwenda nyumba ya pili kwa Mama Ruth mpaka Bibi aje kunichukua. Mama Ruth alikuwa mjane wa kizungu, mrefu, mwenye miguu mikubwa na kicheko cha kiume. Aliwafundisha watu wazima Kiingereza kanisani. Bibi alikuwa mwanafunzi wake, na baada ya majira mawili ya baridi alikuwa anajua kusema "thank you" na "too much cold".

Chumba cha mbele cha Mama Ruth kilijaa nishani. Yeye na marehemu mume wake walikuwa wamekusanya nishani za askari wa Kijerumani tangu ujana wao, si moja moja bali zile zilizoshonwa pamoja. Mjerumani mwenye nishani kadhaa alizipeleka kwa fundi, fundi akakunja tepe za rangi juu ya bati jembamba, akazipanga bega kwa bega, nishani zikaning'inia chini, na nyuma akaweka pini ya kubandika kifuani. Mama Ruth aliziita "bars". Mimi kwa Kiswahili niliziita pau, na Bibi akaziita vitanda, kwa sababu aliona zimelala. Zilikuwa za wanajeshi wa zamani sana, wa wafalme. Zile za baadaye, za Wanazi, zenye alama ile mnayoijua hakuziingiza nyumbani mwake, na mtu akimletea aliufunga mlango kabla hajamaliza kueleza.

Kazi yake ilikuwa kuzisoma. Alinikalisha juu ya matakia mawili, akanionyesha kwamba nishani kubwa hukaa mwanzo, karibu na katikati ya kifua cha mvaaji, nyingine zikafuata kwa heshima yake. "Huyu," alisema, "alipigana na Wafaransa, akapata msalaba wa chuma, akarudi nyumbani akafanya kazi serikalini miaka mingi, na siku moja akamwokoa mtu mtoni." Yote hayo aliyaona kwenye vitambaa vinne! Hakujua jina la mtu huyo, wala alikozikwa, lakini alijua kwamba aliruka majini. Nilimheshimu sana Mama Ruth kwa hilo, na hadi leo nikiona utepe wowote wa rangi najaribu kuusoma, hata ule wa zawadi ya Krismasi.

Halafu kulikuwa na taa. Watu wadanganyifu, alinieleza, huokota nishani za kweli wakazishona kwa tepe mpya ili wauze upau kamili. Macho hayatoshi kuwakamata. Kwa hiyo Mama Ruth alifunga mapazia, akawasha taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, akamulika. Tepe na nyuzi za zamani zilibaki zimefifia gizani. Za siku hizi ziliwaka buluu nyeupe, hata ukazitambua toka mlangoni. Upau usiowaka alisema, "Wewe karibu," akaulaza kwenye droo yenye kitambaa laini. Upau uliowaka aliutia kwenye boksi chini ya meza, akasema kwa huzuni kidogo, "Wewe unarudi ulikotoka."

Sasa fikirieni mtoto wa kambini anaposikia maneno hayo. Maisha yangu yote kabla ya Buffalo yalikuwa ni kungoja intavyuu ya kuhamia Marekani. Maofisa walikuja na kompyuta zao, wakauliza majina ya babu, kilima mlichotoka, mtware, yaani chifu, alikuwa nani, nyumba ya jirani ilikuwa upande gani wa kijito. Bibi alitukaririsha tukiosha vyombo. Kulikuwa na familia mlango wa tatu kutoka kwetu ambayo ndugu wawili walijibu tofauti kuhusu jina la baba mkubwa, basi wakakataliwa, nasi tuliokubaliwa tukapita mbele yao na mabegi yetu tukiangalia chini. Kwa hiyo nilimwelewa Mama Ruth vizuri kuliko alivyojua. Niliamini kabisa kwamba wale wanaume wa Kijerumani walikuwa wanafanyiwa intavyuu, kila mmoja alikuja na habari zake, na taa ndiyo ofisa.

Siku moja Bibi alipokuja kunichukua mapema, mezani palikuwa na pau zimetandazwa. Bibi alisimama mlangoni na koti lake, akatazama. Akageuka akaenda zake, nikafikiri amekasirika. Kumbe alikwenda nyumbani, akarudi ameshika kitambaa kilichofungwa fundo, akakifungua juu ya meza ya Mama Ruth.

"Mwambie," alisema, "na mimi ninayo."

Ulikuwa upau mdogo wa tepe mbili, na nishani mbili nyeusi kwa uzee. Utepe mmoja ulikuwa na mistari myeusi na myeupe, wa pili ulikuwa umechujuka, huwezi kusema ulikuwa rangi gani. Nilikuwa sijawahi kuuona. Bibi alikuwa ameuvusha mpaka, ameuficha kambini ndani ya mto wa kulalia, na mama yangu mwenyewe alikuwa ameuona mara chache. Baba yake Bibi alikuwa askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, enzi za Mdachi kutawala kwetu Burundi, na alipigana vita vile vikubwa hadi mwisho wake.

Mama Ruth aliketi. Aliukaribia uso kwa uso, bila kuugusa. Alisema nishani za makoloni hazijui vizuri, na kwamba hatamulika kitu cha mgeni mezani kwake kama polisi. Lakini alikuwa na rafiki anayezijua, mzee mmoja ambaye hufika kila mwaka kwenye maonyesho ya wakusanyaji kule Louisville, na mwezi unaofuata yeye mwenyewe alikuwa anakwenda. Je, Bibi angependa kuja? Si mtoto wake wa kiume yuko huko huko? Yule rafiki angeangalia, kisha angesema kama ni wa kweli.

Nilitafsiri kwa maneno niliyokuwa nayo. "Bibi, anasema kuna mtu Louisville. Ataangalia nishani yako, atakuuliza maswali, halafu atajua kama unasema kweli."

Bibi alifunga fundo la kitambaa polepole. "Twende," akasema.

Nilimshangaa kwa ujasiri wake. Mimi niliacha hata kula. Nilijua wanaowaka hupelekwa wapi, na kwa wiki zile zote nilikuwa nikilala nimemshika Bibi nguo, nikihesabu ni nani atanisuka nywele akirudishwa kambini Tanzania. Sikumwambia mtu. Mama alidhani nina minyoo, akaninunulia dawa.

Siku moja kabla ya safari Bibi alifua. Alifua blauzi yangu nyeupe na soksi, akafua kilemba chake cheupe cha Pasaka, na mwisho kabisa, peke yake bafuni, akachota sabuni ya unga kwa kijiko na kufua upau wa baba yake kwa mswaki, mstari kwa mstari. Akauanika kwenye fimbo ya pazia. Nilipomwuliza kwa nini, alisema, "Mtu haendi mbele ya wakubwa akiwa mchafu." Niliona ni jambo la akili sana.

Tulitoka asubuhi kwenye gari la Mama Ruth, tukaipita Lackawanna na mabaki yake ya viwanda vya chuma, tukala mayai ya kuchemsha na viazi hapa hapa Columbus, bila kujua kwamba siku moja ningekuja kulipa kodi ya nyumba katika mji huu. Jioni tukafika Highview, mtaa wa Louisville, kwa Mjomba Eliya, mtoto wa Bibi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala. Bibi hakupumzika. Alitoa boksi la sabuni kwenye begi lake, maana hakuamini kwamba Louisville wanayo, akafua shati jeupe la mjomba la kuvaa kesho.

"Mama, ni maonyesho tu," mjomba alisema. "Watu wanakuja na kaptula."

"Wao ni kwao," Bibi akajibu.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama soko la kambi, meza hadi meza, unanukia ngozi na bisi. Wanaume wenye tumbo na kofia waliinamia vitu vidogo. Yule mzee alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya upole, na upole wake ulinitisha zaidi, kwa sababu hata maofisa wa kambini walikuwa wapole. Alikuwa na kihema kidogo cha kitambaa cheusi juu ya meza, unaingiza kitu na kichwa chako, ndani ni giza. Bibi alifungua fundo, akamkabidhi upau kwa mikono miwili. Mzee aliugeuza, akapumua kwa furaha, akaingia nao kwenye kihema. Nilisikia taa ikibofywa.

Alipotoka uso wake ulikuwa mwingine. "Samahani sana, Ruth," alisema kwa Kiingereza. "Tepe zote zinawaka kama theluji. Nishani zenyewe huenda ni nzuri, lakini upau umeshonwa juzi. Mtu fulani alimuuzia bibi huyu."

Mama Ruth aligeuka mwekundu hadi shingoni. Mjomba Eliya alikohoa. "Mama, anasema… bado anaangalia. Ni vizuri, ni vizuri."

Bibi hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi. "Janini. Amesema nini?"

"Anasema si ya kweli. Anasema mtu alikuuzia."

Sijapata kuona uso wa Bibi ukizeeka namna ile, pale pale, nikiwa ninautazama. Lakini hakupandisha sauti. "Mwambie baba aliivaa kila Krismasi," alisema. "Mwambie njia ya kwenda kanisani aliivua akanipa mimi nishike ndani ya nguo yangu, isilowe mvua, na tukifika mlangoni nilimrudishia. Nilikuwa mdogo kama huyu. Mwambie hakuna mtu aliyeniuzia baba."

Nilimwambia mzee yote hayo, kwa Kiingereza changu cha darasa la tatu. Alitikisa kichwa kwa huruma. Niliijua ile huruma. Ni ya mtu aliyekwisha kuamua, anakungoja tu umalize ili aite mwingine. Hapo nikashindwa, nikalia kwa sauti mbele ya ukumbi mzima.

"But she washed it!" nilipiga kelele. "Aliufua kwa ajili yako! Aliufua kwa ile sabuni nzuri, ili usimkatae!"

"She did what?" Mama Ruth akauliza. Kisha, bila kungoja jibu, alinishika mkono, akausukuma ndani ya kihema cheusi, akaingiza na kichwa chake na cha mzee, akawasha taa. Mkono wa blauzi yangu uliwaka buluu nyeupe, sawasawa na tepe. Wakatazamana. Mama Ruth alimwita Bibi ainame. Kilemba chake kikawaka. Akamvuta mjomba kwa nguvu kama mtoto wa shule. Pindo la shati lake likawaka hata likatuonyesha nyuso. Familia nzima ya Madalena ilikuwa bandia. Yule mzee alianza kucheka, akavua miwani, akaifuta, akacheka tena, na Mama Ruth akampiga begani akisema, "Ni sabuni! Maskini wewe, ni sabuni!"

Mjomba Eliya ndiye aliyemweleza Bibi, kwamba sabuni za siku hizi zina dawa ya kung'arisha weupe, na ile dawa ndiyo inayowaka. Bibi aliziba mdomo. "Yoo! Basi nimemharibia baba."

Lakini mzee alikuwa ameshaugeuza upau. Nyuma, chini ya ukingo wa bati, fundi wa zamani alikuwa amegandisha mkunjo wa utepe kwa gundi, na pale maji hayakuwa yamepita. Aliomba ruhusa ya kuinua kidogo. Bibi alisema ainue ila asikate. Akainua kwa kibano chembamba, akaingia kihemani, akakaa muda mrefu. Aliporudi alituita tuchungulie. Kipande kile hakikuwaka. Na alipozima taa, akaleta mwanga wa kawaida, tukaona rangi zilizokuwa hazijaona jua tangu baba yake Bibi alipokuwa kijana: weusi wa kweli, na weupe wa maziwa.

Alisema nishani ile walipewa askari Waafrika kwa ushujaa, na kuiona bado kwenye upau wake wa kwanza ni nadra. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi. Mama Ruth aliuliza taratibu alipigana na nani. Mzee akasema na Waingereza, na Wabelgiji, na kabla ya hapo huenda na watu wa kwao mwenyewe, nishani haisemi. Hilo nimelifikiria sana nikiwa mtu mzima. Siku ile lilinipita.

Kisha akauliza, "Aliitwa nani?"

Bibi alisikia swali kabla mjomba hajalitafsiri. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono ubavuni, akatazama mbele. "Naitwa Madalena. Baba yangu ni Bandyatuyaga. Babu yangu ni Sebigori. Kilima chetu kiko juu ya Rumonge, kijito kiko kusini, nyumba ya jirani iko chini ya kijito. Mama yangu alizaa wanane, watatu wako hai. Tulikimbia mara mbili." Nami nikajikuta nimesimama kando yake, mikono ubavuni vilevile.

"Mama," mjomba akamnong'oneza, "ameuliza jina moja tu."

Yule mzee hakujua Kiswahili, lakini alisimama kutoka kitini kwake, na hakukaa mpaka Bibi alipomaliza.

Wakati wa kurudi tulisimama tena Columbus. Mama Ruth alishuka kuweka mafuta, tukabaki wawili kiti cha nyuma, na kitambaa chenye fundo kikiwa juu ya mapaja ya Bibi. Nilikuwa nimelibeba swali langu njia nzima kutoka Louisville.

"Bibi, basi hawatakurudisha?"

"Wanirudishe wapi?"

"Kambini. Kama ungekataliwa."

Aligeuka akanitazama. Kupitia kioo tulimwona Mama Ruth akihangaika na mpira wa mafuta kwenye upepo.

"Tangu lini unaogopa hivyo?"

"Tangu siku ile mezani kwa Mama Ruth."

"Na hukuniambia."

"Nilijua ungeogopa."

Bibi alinivuta, akaweka kichwa changu kifuani pake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani anacheka. "Yoo, mwanangu," alisema. "Jana usiku nilimwita mjomba wako jikoni. Nikamwambia, kesho wakinirudisha, msipigane nao. Mimi nimezeeka, njia naijua. Ila mtoto abaki." Akapangusa uso kwa pindo la kitenge. "Alicheka, akaniambia mambo hayo yaliisha. Sikumwamini. Ni mtoto wangu, angesema lolote nilale."

Mama Ruth akafungua mlango na baridi yake, akatugawia ndizi, kila mtu na yake, ndipo akatuona. Akauliza kwa nini tunalia. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza kati yetu wawili, lakini Bibi akaniwahi kumjibu: "Too much cold."